Mpiga Pasi na Piano ya Kanisani

Vitabu vya nyimbo viwekeni chini kwanza, wapendwa. Tutaimba, msiwe na wasiwasi, najua njaa imeanza kuuma na kuna mtu hapa ameacha maharage jikoni. Nina mfano mmoja tu. Na wewe ndugu yangu pale kwenye nguzo, hiyo simu haina miguu, haiendi popote, iweke mfukoni. Tuko pamoja? Haya.

Kulikuwa na mama mmoja, kazi yake kupiga pasi. Siyo pasi ya umeme, hapana. Ile ya mkaa, nzito, yenye kijogoo mbele. Meza yake ilikuwa barazani, watu wanamletea mashati na sare za shule, naye kutwa nzima anasukuma chuma. Ukimshika mkono unakuta makovu ya moto mpaka kwenye kiwiko. Umri wake miaka hamsini na miwili. Kanisani kwao walimjua kwa jambo moja: kila Jumamosi alileta vitambaa vya madhabahu vimenyooka, pamoja na kile cha kufunika piano.

Maana kanisa lile lilikuwa na piano. Ya mbao, kubwa, imeegemezwa ukutani, ilifika zamani kabla wengi wenu hamjazaliwa. Aliyejua kuipiga ni mtu mmoja tu, mwalimu mstaafu, na macho yake yalikuwa yanafifia, mwanawe amemwita akakae naye mjini. Ilibaki miezi miwili aondoke. Wazee wa kanisa wakauliza ibadani, nani atajifunza? Vijana wakaangalia viatu vyao. Wakauliza Jumapili ya pili, kimya. Ya tatu hawakuuliza.

Jumamosi yule mama akaingia na vitambaa vyake, akamkuta mwalimu amekaa peke yake kwenye kile kiti cha piano.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Weka tu hapo."

"Mwalimu, nataka unifundishe."

"Nikufundishe nini?"

Akaiwekea piano mkono. "Hii."

Mwalimu akamtazama. Akaitazama na ile mikono. Ninyi mnajua tunavyomtazama mtu tunapotaka kumkatalia kwa heshima, si mnajua? Akamwambia, "Mama, wenzako wanaanza na miaka saba. Wewe hujui hata kibao kimoja cha piano kinaitwaje, na mimi nina wiki sita."

"Nifundishe wimbo mmoja," akasema yule mama. "Mmoja tu, mwalimu. Huo utanitosha."

Sasa mtaniuliza, wimbo mmoja wa nini? Mtu mzima, ana kazi zake, mgongo unamuuma, wimbo mmoja aufanyie nini? Nisikilizeni vizuri hapa.

Mama huyu alikuwa na mume. Mchoma matofali, mtu mkimya, mtu wa watu. Na mume wake alikuwa hajakanyaga kanisani miaka minane. Siyo mlevi! Najua mmeshaanza kumhukumu. Mzee yule hakusoma utotoni. Alijifunza kusoma akiwa na miaka arobaini na kitu, kwenye darasa la watu wazima, akaketi kwenye yale madawati madogo magoti yakimfika kidevuni, mpaka akajua. Siku moja akapangiwa kusoma somo la Jumapili. Akanunua shati kwa ajili ya siku hiyo. Akasimama mbele, akasoma mstari wa kwanza, wa pili, akafika kwenye jina moja refu, yale majina ya wafalme wa kale. Akakwama. Akajaribu tena. Watu wakaanza kumrushia lile jina kutoka kwenye mabenchi, huyu anasema hivi, yule anasema vile, naye anazidi kupotea. Kisha mtu mmoja akacheka. Mmoja akicheka kanisani, jamani, nani hucheka peke yake? Mzee akafunga kitabu, akashuka, akatoka kwa mlango mkubwa. Miaka minane.

Mkewe alikuwa amembembeleza mpaka maneno yakamwisha. Sasa alikuwa amepata wazo, na wazo lenyewe lilimtia hofu.

Basi mwalimu akakubali. Na kwa kuwa muda ulikuwa mfupi, hakumfundisha mambo mengi. Akachukua chaki nyekundu, akaweka alama kwenye kibao kimoja cheupe pale katikati. Akamwambia, "Hii ndiyo Do yako. Wimbo wako unaanzia hapa na unarudi hapa. Vile vyeusi usiviguse, hatutavifikia. Wewe kaa na hii Do, usihame, hata itokee nini." Kisha akamwambia neno la pili: "Na kumbuka, piano inatangulia. Unapiga mstari wa kwanza peke yako, watu wanasikia sauti ilipo, ndipo wanaingia. Wakishaisikia, watakufuata."

Nyumbani hakuwa na piano, angeitoa wapi? Akachukua mkaa, akachora vibao kwenye meza yake ya kupigia pasi, pembeni, palipo na nafasi. Mteja akiondoka, anaweka pasi chini, anaweka vidole mezani. Do, re, mi. Kidole gumba, kile kinachofuata, kile cha kati. Kidole cha mwisho kilikuwa kimekauka kwa moto wa zamani, hakikunjiki sawasawa, akawa anakigombeza kama mtoto, "Wee, fika pale!" Ndani ya mwezi wa kwanza alitaka kuacha mara tatu. Mkono wa kulia ukijua, wa kushoto unasahau. Ukikumbuka wa kushoto, wa kulia umesimama. Waliojaribu wanajua ninachosema. Mwalimu akaondoka, yeye akaendelea, Jumamosi kanisani kwenye piano yenyewe, siku nyingine mezani. Miezi mitano baada ya mwalimu kuondoka. Mume anapita na matofali yake, anaona ile michoro, anaona midomo ya mkewe inahesabu. Anarudi kwenye tanuru lake.

Mpaka siku moja mama akamwambia. Walikuwa wanakula.

"Mzee wangu, Jumapili ijayo napiga piano kanisani. Mwinjilisti amekubali, wimbo wa baada ya mahubiri."

Mume akaweka tonge chini. "Usipige, mama."

"Kwa nini?"

"Wale watu nawajua. Watakufanya kama walivyonifanya mimi."

"Miaka minane ni mingi. Watu wanabadilika."

"Wale?"

Mama akasogeza sahani pembeni. Halafu akasema lile neno alilokuwa analiogopa miezi mitano yote. "Basi njoo uone. Wakinicheka, sitakutajia tena habari ya kanisa mpaka siku wananizika. Nakuapia. Lakini wakinipokea, mzee wangu, urudi."

Mnaona alichokiweka mezani? Kama akishindwa, mlango wa mumewe ameufunga kwa mkono wake mwenyewe, na ameapa.

Mume akalichukua tena lile tonge. "Nitakaa benchi la mwisho," akasema.

Jumapili ikafika. Yule mzee akavaa, akaja, akakaa benchi la mwisho kabisa karibu na mlango, kofia mapajani. Wachache waliomwona wakasukumana viwiko. Mama naye mbele, amevaa kitenge chake kizuri, mikono iko chini ya kibegi, vidole vinapiga wimbo mapajani.

Sasa ngojeni niwaambie kitu kingine, maana bila hicho hamtaelewa. Ile miezi mitano hakukuwa na mpiga piano. Kanisa liliimbaje? Kulikuwa na mama mmoja wa kwaya, sauti ya kwanza, ana sauti hiyo, ee Bwana, akianzisha wimbo hata waliosinzia wanasimama. Yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo zote. Mwinjilisti akisema tuimbe, kabla hajamaliza, yeye tayari. Na alizoea kuanzia juu. Ni mtu mwema, naomba hilo mlishike. Ni mtu aliyelibeba kanisa miezi mitano kwa koo lake, na hakuna aliyewahi kumwambia asante.

Mahubiri yakaisha. Mwinjilisti akatangaza wimbo. Ulikuwa wimbo wa kuita watu, ule wa kusema mlango uko wazi, wewe uliye mbali, rudi nyumbani. Akasema, "Leo tutaongozwa na piano. Karibu, mama."

Mama akaenda, akakaa. Akaiona ile alama ya chaki, aliyokuwa akiipaka upya kila Jumamosi. Akaweka kidole gumba juu ya Do. Na vidole vikagoma. Moja, mbili, tatu. Kanisa limesimama, vitabu viko mikononi. Nne. Tano. Ninyi mnaujua ukimya wa kanisani unavyokuwa mrefu. Mtu mmoja akakohoa. Mzee kule nyuma ameishika kofia yake mpaka imejikunja. Sita. Saba. Kidole kikabonyeza.

Do ikalia. Kisha ya pili. Ya tatu. Sawasawa kabisa, polepole, mtu anayevuka mto juu ya mawe angetembea vile. Mstari wa kwanza ulikuwa na sauti kumi na mbili. Alikuwa amefika ya nne.

Na yule mama wa kwaya moyo ukamuuma. Akawaza, maskini, amekwama, ataaibika, ngoja nimsaidie. Akaanzisha.

Juu! Kule kule alikozoea. Na kanisa zima, kwa mazoea ya miezi mitano, likaingia nyuma yake kwa nguvu.

Mmewahi kusikia piano inapiga huku na watu wanaimba kule? Sauti ziligombana mle ndani mpaka mbwa wa mlinzi akabweka nje. Anayejua muziki angefanyaje? Angehama, angewafuata watu waliko. Lakini kuwafuata kulihitaji vile vyeusi, na yeye vyeusi hakuwa amevifikia. Anajua Do moja tu duniani. Akabaki na mambo mawili, aache au aendelee. Mnajua kwa nini hakuweza kuacha. Nyuma yake kuna mtu anamtazama.

Akaendelea. Ubeti wa pili akabonyeza kwa nguvu zaidi, labda wataisikia, labda watashuka waje alipo. Kanisa likasikia kelele, likafanya nini? Likapaza sauti kuizidi! Mtu mmoja kwenye kwaya akacheka, akaziba mdomo na kitabu. Wa pili akacheka, mabega yakawa yanapanda na kushuka. Jasho linamtiririka yule mama mpaka kwenye vibao, machozi nayo yameanza, na vidole vyake haviachi, vinapiga vilevile kama alivyofundishwa, hakuna hata kimoja kilichokosea. Ubeti wa tatu, mwinjilisti akamwinamia, akamwambia kwa upole sikioni, "Mama, basi. Acha tu. Tutaimba wenyewe."

Akanyanyua mikono.

Hapo ndipo yule mzee aliposimama kule nyuma. Hakuelekea mlangoni. Akaingia njia ya katikati, akaanza kutembea kwenda mbele, polepole, kofia mkononi, macho yamejaa machozi. Mtu wa kwanza akamwona. Akamgusa jirani yake. Miaka minane! Yule! Anakuja mbele! Na wimbo wenyewe ni ule wa rudi nyumbani. Kanisa likawaka moto. Makofi! Mama mmoja akapiga kigelegele, wengine wakadakia, yule mwanzishaji akapandisha sauti zaidi, mwinjilisti akafungua mikono yake miwili amkumbatie.

Mzee akampita mwinjilisti. Akafika kwenye piano. Akamshika mkewe mkono, akamwinua. Akachukua kibegi chake pale chini, maana yeye mwenyewe alikuwa amekisahau. Wakatoka kwa mlango mdogo wa pembeni, ule wa kupitishia maua.

Na vigelegele vilikuwa bado vinapigwa.

Wimbo ukarudiwa mara mbili, maana ulikuwa umekolea. Baada ya ibada watu wakashikana mikono pale nje, "Leo ibada ilikuwa tamu! Mmemwona yule mzee?" "Wimbo ule umemvuta, ndugu yangu, wimbo ule!" Wiki ile katibu akaandika taarifa ya usharika, pale penye sehemu ya waliorudi kundini, akaandika: mmoja.

Mbona mmenyamaza?

Niwaulize. Yule mama alikosea wapi? Tafuteni. Aliambiwa atangulie, akatangulia. Aliambiwa asihame, hakuhama. Yule mwanzishaji je, alikuwa na chuki? Angeulizwa angesema, nilimwonea huruma. Nami namwamini. Hata mwinjilisti alisema kwa upole. Mle ndani hakukuwa na mtu mbaya, ukiacha wale wawili waliocheka, na hao nao ni vijana tu wa kwaya. Sasa kama hakuna mbaya, wale watu wawili wametolewa na nani?

Wametolewa na sisi. Mimi nasema sisi, sisemi wao. Jumatano kwenye jumuiya, mtu aliyebatizwa mwaka huu anafumba macho aombe mbele za watu kwa mara ya kwanza maishani mwake. Anasema, "Baba..." Anatafuta neno la pili. Na sisi tumeshamdakia kwa pambio! Mjane anasimama kutoa ushuhuda, akikwama kidogo tunapiga makofi, "Amina! Amina!" ili akae. Kijana akisoma somo pole pole, tunamsomea kutoka kwenye viti. Halafu tunarudi nyumbani tukijisifu kwamba tumemwokoa na aibu. Ndugu zangu, tulimngoja sekunde saba tu! Zilibaki sauti nane tu mstari uishe. Tumeshindwa kumngoja mtu sauti nane, na tunasema tunamngoja Bwana.

Na lile la vigelegele ndilo linaloninyima raha kabisa, nawaambia kweli. Hakuna aliyemtazama usoni. Walimwona mtu anatembea kwenda mbele, wakajua anakwenda wapi, wakajua kwa nini analia, wakafurahi. Sisi tunaojaza taarifa, sisi tunaohesabu waliorudi, nani kati yetu alikwenda Jumatatu kubisha hodi kwa yule mzee amuulize, baba, vipi? Hakuna. Tungebishaje hodi kwa mtu ambaye tumeshamwandika amefika?

Mimi sitaki kanisa linaloimba vizuri. Nimesema. Mwalimu wa kwaya usininunie, tutaongea baadaye. Nataka kanisa ambalo mtu anaweza kuanza kitu, akakikosea, akakawia, na akakuta watu bado wamesimama palepale wanamsubiri. Tukiwa hivyo, wale wa benchi la mwisho watatuona, maana wanatutazama, hilo nawaambia. Wanatutazama kila Jumapili.

Sasa chukueni vitabu vyenu. Wimbo wa baada ya mahubiri leo utapigwa na Mzee Ambakisye. Ndiyo, huyuhuyu fundi bomba wetu, ana miaka sitini na mitatu na ana miezi minne tangu aguse kinanda kwa mara ya kwanza. Hajui nyimbo mbili, anajua huu. Mama Tumpale, nakupenda, sauti yako ni zawadi kwetu, na hatujakushukuru inavyotakiwa, leo nakushukuru mbele ya wote. Lakini leo, dada yangu, mpaka mstari wa kwanza uishe, naomba uumeze huo wimbo. Na ninyi wote, na mimi.

Mzee Ambakisye, pita mbele. Kaa vizuri. Mikono ikitetemeka, iache itetemeke. Ukikosea, rudi mwanzo, hata mara tano. Maharage yaungue.

Tumesimama, mzee. Tunakungoja wewe.